Mzee hawezi kutoka nje tena? Mpelekee shamba lake kwa picha

Wakazi wengi wa miji yetu wanaishi na mzazi ambaye hakuchagua kuja mjini. Pengine ni mama aliyeanguka akavunjika nyonga, au baba aliyepatwa na kiharusi, au mjane ambaye watoto waliona si vyema alale peke yake katika boma kubwa kijijini. Watoto humleta kwa mapenzi. Humpa chumba chake, chakula kizuri, dawa kwa wakati na televisheni ya kumliwaza. Hata hivyo, miezi michache ikipita, mzee huanza kunyamaa. Hamalizi chakula, usingizi unampotea saa tisa za usiku, na akiulizwa kitu hujibu kwa neno moja.

Chukua mfano wa mzee wa Merigi, katika Kaunti ya Bomet. Kwa zaidi ya miaka 60 ameamka na kuona ukungu ukipanda kutoka bondeni, majani ya chai yakimeta kwa umande, na ng'ombe wakingoja kukamuliwa. Adhuhuri alitazama mawingu yakijikusanya, naye alijua kama mvua ya alasiri ingekuja na mawe au la. Sasa anakaa katika ghorofa ya nne isiyo na lifti. Dirishani anaona ukuta wa jirani na nguo zilizoanikwa. Mguu haumruhusu kushuka ngazi, na hata akishuka hana mahali pa kwenda.

Je, mzee kama huyu anaweza kusaidiwa vipi? Njia moja ambayo wataalamu wa afya ya wazee katika nchi mbalimbali wamekuwa wakiichunguza ni kumpa matembezi ya nje kwa picha. Mzee haendi msituni wala shambani, bali msitu na shamba huletwa mbele yake kwa video, kwa sauti, au kwa miwani maalumu inayofunika macho. Makala haya yanaeleza jinsi njia hii inavyofanya kazi, mahali inapofika na mahali isipofika, na jinsi unavyoweza kuitumia nyumbani kwako kwa simu uliyo nayo mfukoni.

Kunyamaa si uzee

Kwanza tuondoe dhana moja yenye madhara. Watu wengi huamini kwamba ni kawaida ya mzee kuwa na huzuni, kujitenga na kukosa hamu ya mambo. Wengine husema amelogwa, au kwamba "anajitayarisha kwenda". Kwa kuamini hivyo, mgonjwa anayeweza kutibiwa huachwa bila tiba.

Uzee hupunguza nguvu za miguu, macho na masikio. Hauondoi furaha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban watu 14 kati ya kila wazee 100 wana tatizo fulani la afya ya akili, na yanayoongoza ni unyogovu, yaani huzuni iliyopita kiasi na kuwa ugonjwa, pamoja na wasiwasi wa kupindukia. Upweke na kutengwa ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari hiyo. Nchini Kenya, sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 au zaidi. Ukifanya hesabu utaona kwamba jambo hili si la nyumba moja au mbili.

Dalili za unyogovu kwa mzee hazifanani kila mara na zile za kijana. Mzee huenda asiseme kamwe kwamba ana huzuni. Badala yake atalalamika kuhusu kichwa, mgongo au tumbo lisiloisha kuuma. Atakosa hamu ya chakula na kukonda. Ataamka usiku wa manane asilale tena. Ataacha mambo aliyoyapenda, kama vile kusikiliza habari za idhaa ya lugha yake redioni. Atasema maneno kama "mimi ni mzigo tu" au "nimekaa sana". Hali hiyo ikidumu kwa majuma mawili au zaidi, usingoje.

Mwenye kutembea hupata nini?

Ili uelewe faida ya matembezi ya picha, fikiria kwanza kile ambacho matembezi ya kweli humpa mzee. Kule Merigi hakuna mzee aliyewahi kusema anakwenda "kufanya mazoezi". Alitembea kwa kuwa maisha yalimtaka atembee. Alikwenda kituo cha kununulia majani ya chai, mtoni, kanisani, au kwa jirani kutazama ndama aliyezaliwa jana.

Katika safari hiyo moja alipata mambo matano. Alipata mwendo, ambao hutia nguvu misuli na moyo. Alipata jua, ambalo huusaidia mwili kutengeneza vitamini D na kuijulisha akili kwamba huu ni mchana na ule ni usiku. Alipata mandhari na sauti za nje. Alipata watu wa kumsalimu kwa jina lake. Na jambo la tano, ambalo wengi hulisahau, alipata kazi ya kuwa mtu anayejua. Aliulizwa mvua itanyesha lini, mpaka wa shamba unapita wapi, na ng'ombe huyu anaumwa nini.

Mguu unapokataa, yote matano huondoka siku moja. Ndiyo maana mzee anayeumwa mguu huishia kuumwa moyo. Picha haiwezi kumrudishia mwendo wala jua, na yeyote atakayekuambia vinginevyo anakudanganya. Lakini ikitumiwa ipasavyo, yaweza kumrudishia sehemu ya yale matatu yaliyosalia: mandhari, watu, na heshima ya kuwa mtu anayejua.

Ushahidi wa wataalamu

Wazo kwamba kuona miti kunatuliza akili si jipya. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science uchunguzi uliofanywa katika hospitali moja ya jimbo la Pennsylvania, Marekani. Aliwalinganisha wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kutoa kibofu cha nyongo. Nusu yao walilala katika vyumba vyenye madirisha yaliyoelekea miti, na nusu wakatazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka hospitalini mapema kidogo na walihitaji dawa chache kali za kutuliza maumivu. Zingatia kwamba wagonjwa hao hawakutoka nje. Walitazama tu.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1989, Rachel na Stephen Kaplan wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa kitabu kilichoeleza sababu moja ya jambo hilo. Kwa maelezo yao, akili huchoka inapolazimishwa kukaza fikira kwa muda mrefu, na mazingira ya asili huipumzisha kwa sababu hushika macho kwa upole bila kuyalazimisha. Mawingu yanayopita, maji yanayotiririka na majani yanayotikisika ni mambo ya namna hiyo.

Je, picha hufanya kazi sawa na dirisha? Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walichapisha jaribio lililowahusisha watu 96. Kwanza waliwachosha makusudi kwa video ya mtu akieleza kazi yake ya ofisini, kisha wakawaonyesha mandhari ya chini ya bahari yenye matumbawe na samaki. Baadhi walitazama katika televisheni, wengine kwa miwani ya uhalisia pepe, yaani ile inayomfanya mtu ajihisi yumo ndani ya picha. Makundi yote yalipungukiwa na huzuni na uchovu wa kukosa la kufanya. Ila waliovaa miwani wakaona mandhari yaliyotengenezwa kwa kompyuta, ambayo yaliitikia mwendo wao, ndio pekee walioongeza furaha. Funzo la kwanza kwetu ni kwamba hata televisheni ya kawaida inasaidia. La pili ni kwamba mtu hufaidi zaidi anapohusika kuliko anapotazama tu.

Uchunguzi mwingine unatutia tahadhari. Huko Australia, Wendy Moyle na wenzake walichapisha mwaka 2018 matokeo ya jaribio dogo la msitu wa kioo kikubwa kwa wazee 10 wenye ugonjwa wa kusahau waliokuwa wakiishi katika makao ya wazee. Wazee hao walionyesha raha na uchangamfu zaidi. Lakini pia walionyesha hofu na wasiwasi zaidi wakati wa kutazama. Kwa hiyo, kinachomfurahisha mtu mzima mwenye kumbukumbu timamu kinaweza kumtisha mzee ambaye hajui tena tofauti ya kioo na dirisha.

Kwa ufupi, matembezi ya picha ni msaada wenye ushahidi wa kutia moyo, ingawa majaribio mengi bado ni madogo. Ni kitu cha kuongezea matibabu, kamwe si cha kuchukua nafasi yake.

Picha zipi zinafaa?

Picha za maumbile hazikosekani. Tangu Septemba 2015, Google kwa kushirikiana na shirika la Save the Elephants imewezesha mtu yeyote mwenye intaneti kuzunguka katika hifadhi ya Samburu na kuwatazama tembo kana kwamba yuko ndani ya gari. Mwaka 2020, korona ilipozuia watalii kusafiri, Wizara ya Utalii ya Kenya nayo ilianza kuonyesha wanyama wa mbugani moja kwa moja mtandaoni. YouTube imejaa video za misitu ya Japani na milima ya Uswisi, zenye muziki laini wa kubembeleza.

Mwonyeshe mzee hizo pia ikiwa anazipenda. Lakini usishangae akizitazama kwa adabu, kama mgeni aliyeketishwa sebuleni, kisha akasinzia. Theluji ya Uswisi haimhusu. Hakuna mti humo anaoujua kwa jina.

Sasa mwonyeshe njia inayotoka langoni kwake Merigi hadi mtoni. Kabla ya dakika mbili kuisha huenda akakuambia kwamba majani ya mstari ule wa chai yamepita wakati wa kuchumwa. Atauliza ni nani aliyekata mikaratusi ya jirani. Atasema ua umebomoka na kwamba ng'ombe watatoka. Huenda hata akakasirika kidogo. Usiogope hasira hiyo. Mtu anayegombezea ua wake amerudi kuwa mwenye boma.

Hapa ndipo ilipo siri ya jambo lote. Picha ya ugenini humfanya mzee mtazamaji. Picha ya kwao humfanya kiongozi wa safari, nawe mwanafunzi wake. Zamani madaktari wengi walidhani kwamba mzee anayesimulia mambo ya kale ameanza kuchanganyikiwa. Mwaka 1963 daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, alipinga dhana hiyo. Alieleza kwamba kuyapitia upya maisha ni kazi ya kawaida ya uzeeni, na kwamba yaweza kumsaidia mtu kupatana na yaliyopita. Tangu hapo, kuwapa wazee nafasi ya kusimulia, mara nyingi kwa kuwaonyesha picha na vitu vya zamani, kumekuwa sehemu ya huduma yao katika nchi nyingi.

Jinsi ya kurekodi matembezi ya kijijini

Huhitaji miwani ya makumi ya maelfu ya shilingi. Simu inayorekodi video inatosha. Kama huwezi kusafiri mwenyewe, mwombe mpwa, jirani au kijana anayelinda boma. Mpe maagizo haya.

Arekodi asubuhi, ukungu unapoanza kuondoka, au jioni jua linapolegea. Adhuhuri mwanga ni mkali na mvua huwa njiani.

Ashike simu kwa ulalo, karibu na kifua, kwa mikono miwili. Atembee polepole kuliko kawaida. Vijana hutembea kama wanaokimbilia matatu, na picha inayorukaruka humtia mzee kizunguzungu. Kila baada ya hatua chache asimame, ahesabu hadi 30, kisha aendelee.

Asiongeze muziki. Sauti za mahali ni nusu ya matembezi. Mzee anataka kusikia kwarara wakipiga kelele juu ya miti, maji yakipita mawe ya kivukoni, maziwa yakichuruzika ndooni, na wachumaji chai wakitaniana mstari kwa mstari. Upepo ukivuma sana, aziweke vidole vyake karibu na kipaza sauti cha simu bila kukiziba.

Asalimiane na watu. Hilo ni muhimu mno. Jirani akisimama na kusema "Chamgei, kogo, tunakungoja", salamu hiyo itarudiwa mara nyingi kuliko video nyingine yoyote. Lakini amwombe kila mtu ruhusa kabla ya kumrekodi, na wachumaji kadhalika.

Arekodi vipande vifupi vya dakika tano hadi kumi, kila kimoja na safari yake. Kimoja kiwe cha njia ya mtoni, kingine cha shamba la chai, cha tatu cha zizi wakati wa kukamua, cha nne cha njia ya kanisani, cha tano cha mvua ikinyesha juu ya mabati. Kwa watu wa Merigi mvua juu ya mabati ni wimbo wa usingizi.

Video zikishatumwa, zihifadhi katika simu au katika flashi. Televisheni nyingi za siku hizi zina tundu la kuchomekea flashi, na kwa njia hiyo hutatumia bando kila unapozitazama. Kumbuka pia kwamba video inayotumwa kwa WhatsApp hupungua ubora. Kama kuna mtu anayekuja mjini, mpe flashi ailete.

Kuketi pamoja na mzee

Kosa kubwa ni kumwashia mzee video kisha ukaenda zako jikoni. Hapo umempa televisheni tu, na televisheni alikuwa nayo. Dakika 15 ukiwa umeketi naye zina thamani kuliko saa tatu akiwa peke yake.

Mketishe kwenye kiti chenye mgongo na mahali pa kushika. Kama ana miwani ya macho, ivae. Kama masikio ni mazito, ongeza sauti au mpe vifaa vya masikioni. Fungua dirisha hewa iingie. Waweza kumpa kikombe cha chai mkononi, au mursik ikiwa imekuja kutoka nyumbani. Harufu na ladha huamsha kumbukumbu pamoja na picha.

Usimpe mtihani. Swali kama "Mama, unakumbuka hapa ni wapi?" humtia aibu akiwa amesahau. Uliza kama mtu anayetaka kujua. "Mama, njia hii ilikuwa hivi tangu zamani?" "Baba, mtarakwa huu ulipandwa na nani?" Waite wajukuu nao waketi. Mtoto wa mjini aliyezoea chai ya pakiti atashangaa kumsikia nyanya yake akieleza ni majani mangapi huchumwa na kwa nini yale makubwa huachwa. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mzee hufurahi anapopata wa kumsimulia.

Mwombe atoe amri pia. Kesho kijana arekodi wapi? Nani apelekewe salamu? Ua utengenezwe vipi? Kisha amri hizo zitekelezwe, na juma lijalo aonyeshwe ua uliotengenezwa. Hapo picha imekoma kuwa mchezo. Imempa mzee mkono unaofika hadi Merigi.

Yafuatayo uyaandike katika daftari kwa majuma manne: alilala saa ngapi, alikula kiasi gani, na alionekanaje kabla na baada ya matembezi. Mara tatu au nne kwa juma zinatosha. Daftari hilo litakuonyesha kama anaendelea vizuri, na litamfaa sana daktari.

Tahadhari

Si kila picha ya nyumbani ni tamu. Kabla ya kumwonyesha mzee video, itazame wewe kwanza. Kaburi la mkewe, shamba lililouzwa, au mti aliouheshimu uliokatwa vinaweza kumjeruhi akivikuta ghafla. Hii haina maana kwamba umfiche. Mweleze kwanza kwa mdomo, mkiwa mmeketi, kisha yeye aamue kama anataka kuona. Usithubutu kumwonyesha video ya mwaka jana ukidai ni ya leo kwa sababu ng'ombe aliyempenda amekufa. Akigundua, hataamini tena picha yoyote wala neno lako.

Wako pia wazee waliopitia mambo mazito. Katika maeneo ya mipakani ya Bonde la Ufa kuna waliokimbia makwao katika machafuko ya mwaka 1992, na wengine katika yale ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Kwao njia fulani au daraja fulani si mandhari tu. Mzee akianza kutetemeka, kulia bila kutulia au kupumua kwa haraka, zima, mshike mkono, mzungumzie mambo ya hapa mlipo. Machozi kidogo ya kukumbuka si vibaya. Hofu ndiyo ya kuangalia.

Kwa mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, tumia vipande vifupi, katika chumba chenye mwanga, ukiwa karibu naye. Akianza kukitafuta kiatu ili aende akafunge lile lango analoliona, usibishane naye. Zima kwa upole na umpeleke kwenye shughuli nyingine.

Ukipata miwani ya uhalisia pepe, usimvalishe mzee aliyesimama. Huleta kichefuchefu na kizunguzungu, na mzee mmoja akianguka faida zote zimepotea. Aketi, avae kwa dakika tano tu, na asiinuke mara moja baada ya kuivua. Mwenye kifafa asiivae bila ushauri wa daktari.

Mzee akisema haoni vizuri picha, usifikiri ni ukaidi. Huenda ni mtoto wa jicho, ugonjwa unaotibika kwa upasuaji mfupi. Kwa walio huko Bomet, hospitali ya Tenwek ina kliniki ya macho inayojulikana sana. Jicho likifunguliwa, mara nyingi mzee hurudi kutembea mwenyewe, na hilo ni bora kuliko video elfu.

Mwisho, usiziweke video za mzee mtandaoni ili watu wazipende. Yeye ni mzazi, si maonyesho.

Picha isizibe mlango

Picha ni daraja, na daraja linajengwa ili mtu avuke. Kama mzee anaweza kufika barazani, atolewe barazani kila asubuhi apate jua. Kama anaweza kuingia garini, apelekwe mara moja kwa mwezi mahali penye miti. Nairobi ina Arboretum, iliyoanzishwa mwaka 1907, pamoja na msitu wa Karura, ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania usinyakuliwe. Walio Kericho wana bustani ya miti ya Chagaik. Chungu kimoja cha sukumawiki au dania dirishani kitampa mkulima kitu cha kukagua kila asubuhi.

Inapowezekana, mrudishe kijijini kwa siku chache hata kama ni kwa kiti cha magurudumu. Na kama mzee amebaki Merigi, amelala kitandani, nawe ndiwe uliye mjini, pesa unazotuma kila mwezi zisitangulie peke yake. Mwombe anayemhudumia amsogeze kitanda kielekee dirisha au mlango. Dirisha lenye majani ya chai, kama tulivyoona, ni dawa isiyo na gharama.

Wakati wa kumwona daktari

Kuna mambo ambayo si ya video. Mzee asipokula au kunywa, akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku moja au mbili, akianza kuona vitu visivyokuwapo, au akisema anataka kufa, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Kuchanganyikiwa kwa ghafla mara nyingi huwa ni maambukizi, upungufu wa maji au dawa zilizozidi, na hutibika yakiwahiwa. Maneno ya kutaka kufa yasichukuliwe kuwa mzaha wa wazee. Usimwache peke yake, na ondoa karibu naye dawa za mifugo na za kunyunyizia mimea.

Hata bila dharura, huzuni iliyodumu kwa majuma mawili yahitaji uchunguzi. Daktari atapima damu, tezi la shingo na sukari, atazitazama dawa anazotumia, kisha atamuuliza maswali. Liko jaribio lililochapishwa mwaka 1983 mahususi kwa wazee, lenye maswali 30 ya kujibiwa ndiyo au la, na baadaye likafupishwa kuwa 15. Halichukui muda mrefu. Unyogovu wa uzeeni hutibiwa kwa mazungumzo ya ushauri, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Kwa walio karibu na Merigi, anzeni katika hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko Longisa. Walio Nairobi wanaweza kwenda hospitali ya Mathari au hospitali yoyote kubwa iliyo karibu. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya simu ya bure, 1199, kwa ushauri wa dharura.

Juma hili basi, msomaji, kabla ya kununua dawa nyingine ya usingizi, mpigie simu yule kijana anayelinda boma. Mwambie aamke mapema kesho, ashike simu kwa mikono miwili, na atembee polepole kutoka langoni hadi mtoni.